Betri za Dagaa na Wimbo wa Kunong'ona

Vijana, shikamoo zenu nimezipokea, pamoja na za wale wanaoamkia huku macho yapo kwenye simu. Mmeniomba niandike machache kuhusu kazi ya mitambo ya muziki, kwa kuwa eti mimi ndiye mkongwe wa kazi hiyo hapa Ujiji ambaye bado anasikia kwa masikio yote mawili. La kushoto mmenisingizia. Lilibaki kwenye harusi moja kule Mwandiga, mbele ya spika niliyoifunga mwenyewe. La kulia ni zima, kaeni upande huo tutaelewana.

Kwanza nitoe dukuduku langu. Acheni kugonga maiki. Maiki si tikiti maji, haipimwi kwa kugongwa, na wala si moto wa mkaa hata uipulize. Miaka yote niliyofanya kazi nimesikia watu wakisema "alo, alo, wani tuu, wani tuu," na sijakutana na hata mmoja aliyefika tatu. Shika maiki, sema jambo ulilokuja kusema, basi. Fundi akiwa macho atakusikia.

Wazee wenzangu wananiita Mluzi, na wengi wenu mnadhani ni jina la ukoo. Nililipata siku yangu ya kwanza kazini, kwenye uwanja wa shule, nilipoweka spika nyuma ya msemaji, ikawa maiki inasikia spika na spika inasikia maiki. Ukatoka mluzi hadi mbuzi wawili wakakata kamba na bibi mmoja akasoma shahada kwa sauti. Bosi wangu, Mzee Bukuru, fundi redio aliyenifundisha kazi, alikuja mbio na bisibisi mkononi. Nilidhani anakuja kutengeneza mitambo, kumbe alikuwa ananifukuza mimi. Tulizunguka uwanja mara mbili, watu wakatushangilia wakidhani ni sehemu ya sherehe.

Mzee Bukuru alikuwa na mtindo wake. Kabla hajawasha chochote, alikuwa akigeuza kreti la soda, anakaa juu yake katikati ya uwanja, anafumba macho. Mimi huku navuta nyaya, jasho linanitoka, yeye amekaa tu. Nikamuuliza siku moja, "Mzee, unasali?"

"Nasikiliza," akasema. "Uwanja una kelele zake kabla yako. Ukizijua kwa majina, utajua ipi uiombe ikae kimya."

Nikaona ni uvivu wa wazee. Mimi nilipenda kelele. Nawaambieni kweli, nilizipenda kama wengine wanavyopenda ugali wa muhogo. Niliwahi kupiga harusi Kidahwe, mtu akaja na pikipiki kutoka kijiji cha pili kuuliza aliyefariki ni nani, maana alihisi ardhi inatetemeka akadhani ni mizinga ya mazishi ya kiserikali. Nilijivunia hilo mwaka mzima.

Basi sasa nije kwenye ile kazi mnayoniulizia kila siku, ya mashindano ya nyimbo ya nchi za ziwa. Nchi nne zinagusa maji ya Tanganyika: sisi, Kongo, Zambia na Burundi. Waandaaji walitaka kila nchi ilete wimbo mmoja, majaji watoe alama, na redio ya hapa mjini irushe yote moja kwa moja ili hata walio ng'ambo wasikie. Jukwaa likajengwa mchangani, upande wa Kibirizi, shughuli iwe alasiri. Umeme wa mjini haukufika pale, wakaleta jenereta kubwa wakaliegesha nyuma ya jukwaa. Mitambo nikakabidhiwa mimi.

Ilikuwa wiki ya mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo boti zinavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, harusi zinafungwa, na wavuvi wanazurura hawana kazi ila kusema. Ndiyo maana uwanja ulijaa siku ile. Nusu ya watazamaji walikuwa wavuvi, na kiongozi wao kwa mdomo alikuwa shemeji yangu Zuberi, kaka wa mke wangu, mwenye boti mbili na maoni mia.

Asubuhi nikapokea wageni kwa ajili ya kujaribu sauti. Wakongo walikuja wengi hadi nikashindwa kujua nani mwanamuziki na nani amesindikiza. Hata mpishi wao alikuwa na mitindo yake ya kucheza. Wazambia wakaja na kwaya, sare za rangi ya chungwa, wamejipanga mistari kama wanasubiri kukaguliwa. Sisi wenyeji tukawakilishwa na kijana kutoka Dar es Salaam aliyevaa miwani myeusi. Wimbo wake wote ulikuwa ndani ya fleshi, hata kikohozi chake kilikuwa mle mle. Kazi yake ilikuwa kuruka.

Lakini mimi nilikuwa namsubiri Mrundi. Nani asiyejua ngoma za Warundi? Zikipigwa, moyo wako unaacha mapigo yake unafuata ya kwao. Tangu juzi yake nilikuwa nimeongeza mbao chini ya jukwaa lisije likavunjika. Nilimwambia Zuberi, "Shemeji, leo chai utakayokunywa itachemka yenyewe tumboni."

Warundi wakafika. Wawili.

Mmoja alikuwa mwanamume mrefu, Bwana Deo, kiongozi wa msafara, suti nyeusi na tai, viatu vya kung'aa na soksi, katikati ya mchanga wa Kibirizi ambako sote tulivaa kandambili. Wa pili alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, Mama Spesi, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitenge.

"Mwaramutse," nikawasalimia kwa Kiha changu, ambacho kwa Kirundi ni mtu na ndugu yake. "Ngoma ziko nyuma?"

Bwana Deo akakohoa. "Ngoma zimealikwa kwingine. Mbali. Zimepanda ndege."

"Zote?"

"Zote, na wapigaji wake. Tumebaki sisi."

Akasema "sisi" kwa sauti ya mtu aliyeachiwa mji alinde peke yake. Nikawakaribisha chai. Mama Spesi akafungua kitenge akaweka kitu chake juu ya kreti: kipande cha mti kilichochongwa kikawa na shimo kama hori dogo, chenye nyuzi zilizovutwa kutoka upande huu hadi ule. Sikuzitazama nyuzi. Nikaona sinia la mbao, nikaweka juu yake kikombe changu cha chai na andazi.

Mama Spesi hakunigombeza. Akanyanyua andazi kwanza, kisha kikombe, akafuta kwa upindo wa kitenge. "Mzee, hii ni inanga," akasema. "Ni ya data." Data, kwao, ni baba yangu. Vijana, niliona aibu hadi kwenye lile sikio bovu.

Tukajaribu sauti. Akakaa chini, inanga mapajani, akaanza kuchezesha vidole, na midomo ikawa inatembea. Nikasogeza vishikio vya mikisa, ile mashine ya kupandisha na kushusha sauti, juu kidogo. Nikasogeza tena. Nikamtazama Bwana Deo.

"Ameshaanza?"

"Yuko ubeti wa pili."

Ndipo akanieleza. Ni namna ya zamani ya kuimba kwao: inanga inapigwa, mwimbaji ananong'ona. Haimbi kwa sauti kamwe. Wimbo wenyewe ulikuwa kisa cha mtu aliyepotelewa na ng'ombe wake, jina lake Gaju, akawa anamtafuta porini kwa kunong'ona ili mwizi asisikie akamwahi. Ukiuimba kwa sauti, umeshamwibisha ng'ombe.

Mwenyekiti wa maandalizi, Bwana Festo, mtu wa haraka haraka, akaenda kukaa kiti cha mwisho kabisa nyuma ya uwanja. Akarudi anatikisa kichwa. "Sisikii kitu. Nasikia jenereta tu, na jenereta halishindani." Akamgeukia mgeni. "Bwana Deo, haya ni mashindano ya nyimbo, si ya siri. Aimbe wimbo mwingine wenye sauti. La sivyo nafasi yake nitawapa Wakongo warudie wao."

Wakongo walikuwa wameshaanza kujinyoosha viungo.

Bwana Deo akaanza kumsihi Mama Spesi kwa Kirundi aimbe chochote, hata wimbo wa shule. Mama Spesi akawa anatikisa kichwa polepole. Kisha akanigeukia mimi, sijui kwa nini mimi, labda kwa sababu ya lile andazi.

"Data yuko Nyanza-Lac," akasema. Ni mji wao wa ziwani, mkifuata ufuko kwenda kaskazini na kuvuka mpaka mtaufikia. "Yeye ndiye aliyenifundisha huu. Vidole vyake vimekataa sasa, hashiki uzi, hatoki kitandani. Leo wamemwekea redio karibu na mto. Nilimwambia, data, utausikia wimbo wako umevuka maji. Sasa nimwimbie wimbo wa shule?"

Nikamwambia atulie, mimi ndiye fundi. Nikafanya nilichokijua. Nikakoleza. Nikakoleza zaidi, na mbele ya macho ya nchi nne ukatoka mluzi wa kihistoria. Kwaya ya Zambia ikainama yote kwa pamoja, kwa nidhamu. Wavuvi wakaangua kicheko, na Zuberi akapiga kelele, "Mluzi kazaliwa upya!"

Nilichukia sana, nikachukua kreti nikaligeuza, nikakaa katikati ya uwanja kwa hasira tu. Nikafumba macho nisiwaone. Na nikiwa nimefumba, nikamkumbuka Mzee Bukuru, Mungu amrehemu, nikaanza kuzisikia kelele moja moja. Yale ni mawimbi, hayana neno. Ule ni upepo wa ziwani, unapiga maiki kama kitambaa. Ile ni bodaboda barabarani. Na juu ya zote, bila haya, jenereta. Jenereta ndiye aliyekuwa mwizi wa ng'ombe. Lakini nikilizima, nitawasha mitambo kwa kitu gani? Kwa maombi?

Zuberi akaja kukaa pembeni yangu amalizie kunicheka. Alipochoka, akahamia malalamiko yake ya kila mwezi. "Hebu ona, shemeji. Boti ziko juu, taa ziko ndani, betri zimejazwa zimekaa tu kama wageni. Mbalamwezi hii itatuua kwa uvivu."

Nikafumbua macho. "Betri ngapi?"

"Za kwangu au za Kibirizi nzima?"

Vijana, ninyi mmezaliwa mkaona taa za dagaa ni hizi za betri. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na kama ingekuwa enzi zile hadithi hii ingeishia hapa. Nikamkumbatia Zuberi, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya harusi yangu. Gari langu lilikuwa na inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa betri uendeshe vitu vya nyumbani. Nilianza kuibeba tangu harusi ile ya Mwandiga, ambako dereva wa maharusi alijiazima mafuta ya jenereta, likazima bibi harusi akiwa katikati ya ukumbi na mguu mmoja hewani. Mtambo mdogo wa kunong'ona haunywi umeme mwingi. Zuberi akawaita wenzake, betri zikawa zinakuja mabegani mwa watu, na kila mvuvi ameiandika yake jina kwa chokaa.

Hapa mnisikilize vizuri, ni la kazi. Ukiunganisha betri nyingi zilingane nguvu, funga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, waya uwe mnene na mfupi. Na usichanganye betri mgonjwa na wazima. Mgonjwa haponi, anawanywa wenzake. Kwa hiyo nikawa nauliza kila mmoja, "Imejaa?" Nao wanajibu, "Imejaa." Zuberi akasema, "Yangu imejaa hadi inamwagika." Ni shemeji yangu, nikaipokea bila kuipima. Shemeji pia hupimwa, vijana.

Ukabaki upepo. Maiki ikifunikwa na kitu laini upepo unapoa, ila kifuniko changu cha sponji panya walikuwa wamekigeuza godoro. Nikatazama huku na huku ufukweni nione nani ana soksi. Alikuwa mmoja tu.

"Bwana Deo," nikasema, "nchi yako inahitaji soksi yako."

Akadhani natania. Mama Spesi akamweleza kwa Kirundi, naye akatazama viatu vyake. "Lakini ndiyo niliyovaa leo asubuhi!"

"Asubuhi si zamani," nikamfariji.

Akaivua kwa heshima zote, amegeukia ziwa. Nikaisuuza kwa sabuni, nikaianika juu ya jenereta, walau siku ile lilifanya jambo moja la maana. Ikakauka, nikaivisha maiki. Nikaiweka chini kidogo ya kidevu cha Mama Spesi, karibu sana, na nyingine karibu na nyuzi. Maiki zote ambazo hazitumiki nikazifunga. Spika nikazipeleka mbele kabisa, zikalipa jukwaa mgongo. Mama Spesi akainusa ile maiki kwa mbali, akafumba macho, akasema, "Ni sabuni nzuri."

Bwana Festo akarudi kiti chake cha mwisho. Nikalizima jenereta, nikawasha inveta. Mama Spesi akainama kwenye soksi akanong'ona, "Bwana Festo."

Mwenyekiti akageuka nyuma kutazama nani kamwita.

Alipogundua, akatusogelea akijikaza asicheke. "Sawa. Ataimba wa mwisho. Lakini sasa uwanja ni mtupu. Watu wa Kigoma wakijaa hapa, nani atawanyamazisha?"

Alasiri ikafika, mgeni rasmi akafika, na uwanja ukafurika hadi watoto wakakaa juu ya boti. Wakongo wakapiga sebene lao hadi jaji mmoja akasimama, akakumbuka kazi yake, akakaa. Wazambia waliimba vizuri mno, lakini muda wote mzee mmoja alikuwa anauliza kwa sauti kwa nini hawachezi. Kijana wetu akaruka, akaruka, fleshi ikaganda katikati ya ubeti, mdomo wake ukaendelea peke yake, tukashangilia vivyo hivyo kwa kuwa ni wetu.

Kisha mshereheshaji akatangaza, "Burundi!" Watu wakaanza kusogea nyuma kupisha ngoma. Akatokea Mama Spesi na kipande chake cha mti. Wakati huo huo nikalizima jenereta.

Mnajua Kigoma umeme ukizima watu wanafanyaje. "Aaaaaah!" ikatoka uwanja mzima. Wengine wakaanza kupukuta mchanga waondoke. Wengine miluzi. Mama Spesi amekaa pale na vidole juu ya nyuzi, ananitazama. Niliogopa, vijana, niseme ukweli. Nilimwona yule mzee wake kitandani, redio karibu na mto, anasikia zogo la Kibirizi badala ya wimbo wake.

Zuberi akasimama juu ya boti yake.

"Kaeni chini!" akanguruma. "Nyamazeni! Betri yangu inaimba!"

Mvuvi mwingine akasimama. "Na yangu!" Mwingine, "Hata yangu iko pale, ile ya chokaa, kaa chini wewe!" Kumbe kila aliyetoa betri alishajihesabu kuwa ni mmoja wa msafara wa Burundi. Walitawanyika uwanja mzima, kila mmoja anamkazia macho jirani yake, vidole midomoni. Mtu akikohoa anatazamwa hadi kikohozi kinarudi. Hata bodaboda barabarani walisimamishwa na wenzao. Sijawahi kuona kimya cha namna ile Kibirizi, na nimezaliwa Kigoma hii hii.

Mama Spesi akaanza. Nyuzi kwanza, chini, taratibu. Kisha mnong'ono. Ulifika kila mahali. Haukuja kwa nguvu, ulikuwa tu pale sikioni mwako, kila mtu na wake. Nami niliyependa kelele maisha yangu yote nikajikuta nimeshika kishikio kwa vidole viwili, siongezi, sipunguzi.

Waha wote pale walikielewa kile kisa. Mwenye ng'ombe anatambaa vichakani, ananong'ona, "Gaju, uko hapo?" Ubeti wa kwanza watu walikaa kimya. Ubeti wa pili alipouliza, mvuvi mmoja akashindwa kuvumilia, akajibu kwa kunong'ona, "Ego." Ndiyo, nipo. Ubeti wa tatu uwanja mzima ukamjibu kwa kunong'ona, wanaume wenye mabega ya kuvuta nyavu, "Egooo." Mama Spesi akatabasamu bila kuacha.

Na hapo hapo inveta ikalia. Tii.

Inveta hulia betri zikianza kuchoka, na ikilia sana inazima. Nikatupa macho kwenye betri. Waya wa ile ya Zuberi ulikuwa wa moto. Tii. Nikamvuta shati, nikamnong'oneza, "Shemeji, betri hii uliifanyia nini?"

"Hamna kitu," akanong'ona.

"Zuberi!"

"Mpira tu. Jana. Na marudio leo asubuhi."

Alikuwa ameitumia kutazamia mpira nyumbani, betri imekauka, sasa inawanywa wenzake wote, na Burundi nzima pamoja nao. Betri zikifungwa kwa mtindo ule unaweza kuondoa moja zilizobaki zikaendelea, mradi usiguse kingine na mkono usitetemeke. Nikavua kofia yangu nikashikia waya. Tii, ikalia mara ya tatu. Zuberi ananing'inia begani mwangu ananong'ona, "Usiitoe mbele za watu, shemeji, nitawaambia nini?" Nikaichomoa. Inveta ikanyamaza. Wimbo haukukatika hata silabi. Mwenye ng'ombe akampata Gaju wake nyuma ya kichuguu, akamkumbatia shingoni, na uzi wa mwisho ukatetemeka ukaisha.

Hakuna aliyepiga makofi. Kila mmoja alikuwa anamwogopa mwenye betri aliye karibu naye. Ilibidi Zuberi mwenyewe aseme, "Basi, ruhusa!" ndipo uwanja ukapasuka: vigelegele, makofi, madumu ya maji kupigwa, na Wakongo wakaingia jukwaani kucheza ingawa hapakuwa na muziki. Bwana Deo alikuja mbio kumpa mkono mgeni rasmi, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna, machozi yanamtoka.

Matokeo? Kongo wa kwanza, haikuwa na ubishi. Sisi wa pili, nayo tuiache kama ilivyo. Burundi wa tatu, na mimi hadi leo naona Wazambia walionewa. Lakini mngewaona wavuvi wa Kibirizi wakishangilia nafasi ya tatu ya nchi ya watu wengine! Walimbeba Bwana Deo mabegani hadi majini. Kijana wetu wa Dar alivua miwani yake, akaniuliza kama namfahamu mtu anayefundisha inanga.

Mimi nilikuwa nakusanya nyaya. Mama Spesi alikuwa amekaa kwenye kreti langu na simu mkononi, hapigi, anaitazama tu. Nikamuuliza kulikoni.

"Sijui kama alisikia," akasema. "Pengine amelala. Pengine redio haikushika."

Simu ikaita. Akaiweka sauti ya nje ili Bwana Deo, aliyekuwa amerudi kuchukua soksi yake, naye asikie. Kwanza kukawa na mikwaruzo, watu wanaambiana wanyamaze. Kisha sauti ya mzee, nyembamba, kwa Kirundi, na mimi nawaelezeni kwa Kiswahili.

"Spesiyoza. Huko kuna ndege gani? Amelia mara tatu, na mara zote amekosa mapigo."

Zuberi akatazama chini. Bwana Deo alijiziba mdomo kwa ile soksi. Mama Spesi alicheka hadi akashindwa kujibu, na upande wa pili wakamngoja acheke.

"Na jambo lingine," mzee akasema. "Uzi wako wa tano umelegea. Kidogo tu. Ukirudi uje nao hapa kitandani. Vidole vimekwisha lakini sikio lipo, nitakuonyesha unavyokazwa."

"Ego, data," Mama Spesi akasema, na hapo ndipo alipolia.

Uzi wa tano, vijana. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake na sikuusikia, na mzee kitandani ng'ambo ya mpaka aliusikia. Katika kazi hii nimesifiwa na mabwana harusi, wachungaji, masheikh na wabunge, wote walisema ilikuwa kubwa, ilikuwa kali. Ni huyo mmoja tu aliyenilalamikia uzi, na sikumwambia hata mtu mmoja kwamba huenda ni kikombe changu cha chai kilichoulegeza. Mwezi uliofuata niliuza spika zangu kubwa zote. Kreti ninalo bado, lipo hapa uani. Anayetaka kujifunza kazi aje alikalie kwanza, afumbe macho, aniambie anasikia nini.